KIINGEREZA NYUMBANI: Neno Moja, Vidole Vitano



Juma lililopita tuliachana na maswali matano ya vitenzi vya wakati uliopita. Jibu la swali la tano, ambalo najua liliwasumbua wengi, ni hili: "She went to the market." Si "She goed". Kitenzi "go" hakifuati njia ya wenzake, basi kishikeni kama kilivyo, wala msigombane nacho.

Leo nataka tuzungumze jambo kubwa zaidi ya hilo, nami nitaanza kwa kisa kilichotokea katika ofisi yetu ya parokia, hapa upande wa Masasi.

Asubuhi moja, msimu wa korosho ukiwa umekwisha anza, alikuja mzee mmoja aliyeteremka kutoka Newala kumwona mdogo wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi kwenye benchi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya binti yake aliyekuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Simu haziruhusiwi pale bwenini, na binti alimwandikia baba yake kwa Kiingereza ili mzee aone kwamba fedha za korosho hazikupotea bure. Mzee mwenyewe hajui Kiingereza. Kijana mmoja mwenye duka kijijini kwao alikuwa amekwisha msomea, naye alimwambia hivi: "Binti yako asema amechoka kusoma, ataka kuacha shule, aje nyumbani, achukue fedha."

"Basi, Karani," mzee akaniambia, "nauli ninayo hapa. Kesho nakwenda kumchukua. Mtoto akichoka, kumlazimisha ni kupoteza. Na kuna watu wamekwisha leta habari za posa. Nimepita kwako uniandikie barua ya kumwondoa shuleni, mimi niweke sahihi."

Nikaiomba ile barua niisome mwenyewe. Ilikuwa na maneno haya: "Dear Father, I am tired to learn without book. I want to leave of school to come home to take money."

Nikaisoma mara mbili. Yule kijana wa dukani hakusema uongo, maana "I want to leave school" ni kweli "Nataka kuacha shule". Lakini aliruka maneno mawili, "without book", bila kitabu. Tena lile neno "of" lilikaa mahali pasipo pake, likanitia shaka. Nikamwomba mzee angoje kidogo, nikapiga simu shuleni. Mlezi wa wasichana akamwita binti. Baba yake alipomwuliza kwa nini ataka kuacha masomo, binti alishtuka. "Kuacha shule, baba? Mimi sijasema hivyo! Nimesema nimechoka kusoma bila vitabu. Naomba ruhusa nije kuchukua fedha za vitabu na za mchango wa chakula."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akazirudisha mfukoni zile fedha za nauli.

Ndugu msomaji, tazama jinsi jambo lilivyokuwa karibu. Binti huyu hakukosa maneno. Alifungua kamusi akatafuta "ruhusa", akapata "leave", na kweli "leave" ni ruhusa. Lakini "leave" hiyo hiyo ikiwa kitenzi maana yake ni kuondoka au kuacha. Mwalimu alimfundisha kwamba "want" hufuatwa na "to", naye akaitia "to" bila kujua kwamba hapa "leave" ni jina. Akakumbuka "ruhusa ya shule", akaifanya "ya" kuwa "of". Maneno yote alikuwa nayo. Alilokosa ni namna ya kuyapanga. Kama angaliandika hivi, hakuna ambaye angalimwelewa vibaya: "I am tired of learning without books. I am asking for leave from school to come home and get money."

Basi somo la leo ni mpangilio huo. Si somo la watoto peke yao. Mzazi asiyejua hata neno moja la Kiingereza, namwomba asiligeuze ukurasa huu, maana nitampa kazi yake kabla hatujaagana.

MZIGO NA VIDOLE

Sisi tunaosema Kiswahili, na hata lugha zetu za nyumbani, Kimakonde, Kimakua na Kiyao, tuna desturi moja: twafunga mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja, kama mtu afungavyo kuni kwa kamba. Tazama neno "nitakusomea". Ni neno moja tu, lakini ndani yake mna vipande. NI ni mimi. TA ni wakati ujao. KU ni wewe. SOM ni tendo lenyewe. E ni ile "kwa ajili ya" au "kwa" iliyofichwa. A ya mwisho hufunga tu mzigo.

Mwingereza hana kamba hiyo. Yeye huzitandaza kuni zake chini moja moja: "I will read to you." Hesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Gumba ni nani: "I". Shahada ni lini: "will". Kidole cha kati ni tendo: "read". Kidole cha pete ni neno la kuunganisha: "to". Kidole kidogo ni anayetendewa: "you". Neno moja la Kiswahili limekuwa vidole vitano vya Kiingereza. Tena angalia vema: KU yetu imekaa katikati, kabla ya tendo, lakini "you" ya Kiingereza hupelekwa mwisho, baada ya tendo.

Kwa nini Waingereza hawafungi? Zamani, yapata miaka elfu moja iliyopita, maneno ya Kiingereza nayo yalikuwa na miisho mingi iliyoonyesha nani atenda na nani atendewa. Miisho hiyo ikapotea kidogo kidogo. Ilipopotea, kazi yake ikachukuliwa na mahali pa neno katika sentensi, na na yale maneno madogo kama "to", "for", "of" na "from". Ndiyo maana kwa Kiingereza ukilihamisha neno umehamisha maana. Ukisema "The dog bit the boy", mbwa amemwuma mvulana. Ukisema "The boy bit the dog", mvulana amemwuma mbwa, na hapo watu watakuja kutazama.

Mwingereza naye akijifunza Kiswahili hupata shida iyo hiyo, ila kwa kinyume: yeye ana vipande, hajui kuvifunga. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kianglikana wa Unguja, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kuwafundisha Waingereza sarufi ya Kiswahili, akiwaonyesha vipande vya vitenzi vyetu na mahali pake. Mtu huyo huyo ndiye aliyetembea kutoka Lindi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akaanzisha nao kijiji hapa Masasi. Basi katika nchi hii yetu kazi ya kufunga na kufungua maneno si ngeni.

KIDOLE GUMBA NA KIDOLE KIDOGO

Atendaye huitwa kwa neno moja, na atendewaye kwa neno jingine. Mimi ni "I" nikitenda, "me" nikitendewa. Sisi ni "we", kisha "us". Wao ni "they", kisha "them". Yeye mwanamume ni "he", kisha "him". Yeye mwanamke ni "she", kisha "her". "You" haibadiliki.

"Nilimwona" ni "I saw him", au "I saw her" akiwa mwanamke. "Aliniona" ni "He saw me" au "She saw me". Hapa vidole ni vitatu tu, kwa sababu wakati uliopita umeingia ndani ya tendo lenyewe: "see" imekuwa "saw", na vidole viwili vimeshikana.

Makosa ya watoto wetu hapa ni mawili. La kwanza ni kurudia. Kwa Kiswahili twasema "Mama yangu anapika", na ile A lazima iwepo hata kama mama amekwisha tajwa. Mtoto akiifuata A hiyo ataandika "My mother she is cooking". Kwa Kiingereza jina likiwapo, kiwakilishi hukaa kando: "My mother is cooking." Kadhalika "Mimi nilimwona" haiwi "Me I saw him". Ni "I saw him", basi.

La pili ni la "he" na "she". A yetu haiulizi kama mtu ni mume au mke. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilisimama mbele ya darasa nikasoma habari za nyumbani kwetu: "My mother he sells cassava." Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka. Sikuinua mkono tena muhula mzima. Sikuwa mjinga, wala sikumdharau mama yangu. Nilikuwa nafikiri kwa lugha isiyotaka habari hiyo, nikaandika kwa lugha inayoitaka. Laiti mtu angaliniambia hivyo siku ile, nisingalipoteza miezi yote ile kwa haya. Basi ninyi mwambieni mtoto: kabla hujaandika "he" au "she", mwone huyo mtu moyoni mwako kwanza.

KIDOLE CHA PETE

Kidole hiki ndicho kigumu kuliko vyote, maana kwa Kiswahili mara nyingi kimefichwa ndani ya kitenzi. "Alipika" ni "She cooked". "Alitupikia" ni "She cooked for us". Ile I iliyoongezwa ndiyo "for". "Nilimsomea bibi barua" ni "I read the letter to my grandmother". Hapo ni "to", kwa sababu maneno yamekwenda mpaka masikioni mwake. Kama kitu kinamfikia mtu, mara nyingi ni "to". Kama ni kwa faida yake, ni "for".

Viko na vitenzi ambavyo kwa Kiswahili havina kiunganishi, lakini kwa Kiingereza huwezi kukiacha. Shikeni hivi vinne: kungoja ni "wait for", kusikiliza ni "listen to", kutazama ni "look at", kuomba kitu ni "ask for". "Nakungoja" ni "I am waiting for you". Ukisema "I am waiting you" kidole cha pete kimelala. Vingine ni kinyume chake. Kuingia kanisani ni "enter the church", si "enter in the church". Kuzungumzia bei ya korosho ni "discuss the price", bila "about".

Kisha liko neno letu KWA. Lafanya kazi ya watu sita, na Kiingereza humpa kila mtu jina lake. Kwa miguu ni "on foot". Kwa basi ni "by bus". Kwa jembe ni "with a hoe". Kwa siku tatu ni "for three days". Kwa Kiingereza ni "in English". Kwenda kwa bibi ni kwenda "to my grandmother's house". Mtoto asitafsiri KWA peke yake kamwe. Aulize kwanza: hii KWA ni ya njia, ya chombo, ya muda, au ya mahali?

Na ile NI ya mwisho wa jina, kama nyumbani, shambani, kisimani? Nyumbani ni "at home". Shambani ni "in the field". Lakini kisimani jihadhari. Wenzetu wa uwanda wa juu wa Newala, ambao mama zao na bibi zao waliteremka mabondeni kutafuta maji, wanajua uzito wa neno kisima. "The child is at the well" maana yake mtoto amekwenda kuteka maji. "The child is in the well" maana yake kijiji kizima kikimbie na kamba! Wala msiseme Kiingereza kina maneno mengi bure, maana Kiswahili chatofautisha vile vile: mtoto YUKO kisimani, na mtoto YUMO kisimani. Ile MO ndiyo "in". Mnaona? Mtoto wako anakwenda shule na maarifa hayo kichwani tayari, ila hajaonyeshwa kwamba ni yale yale.

TENDO LIKIWA JINA

Sasa turudi kwa binti wetu na "tired to learn" yake. Kwa Kiswahili neno "kusoma" lafanya kazi mbili bila kubadili nguo. Katika "Nataka kusoma" laongozwa na kitenzi. Katika "Kusoma kunafaa" limekuwa jina kabisa, hata kinachofuata hukubaliana nalo kwa KU. Wenye sarufi huliita kitenzi-jina. Kiingereza huivika kazi hiyo nguo mbili: "to read" na "reading". Kulima kunachosha: "Farming is tiring." Kuimba kunafurahisha: "Singing is enjoyable." Lakini tusichanganye na "I am reading", yaani "Ninasoma". Hapo "am" imetangulia, na tendo linaendelea sasa hivi, halijawa jina.

Mtoto atajuaje avae nguo ipi? Ziko njia tatu.

Kwanza, baada ya neno la kuunganisha, siku zote ni "-ing". Baada ya "of", "for", "without", "before", "after", "at", msisite. "I am tired of walking." "Thank you for coming." "They left without eating." "Wash your hands before cooking." "She is good at singing." Kanuni hii haina udanganyifu, na yeye aishikaye amepona makosa mengi.

Pili, baada ya kutaka, kuhitaji, kutumaini, kuamua, kukubali na kuahidi, tumia "to": "I want to read", "He promised to help us". Nguo hii ni ya matendo ambayo mara nyingi bado yako mbele.

Tatu, baada ya "enjoy", "finish", na "avoid", tumia "-ing": "We have finished weeding", tumemaliza kupalilia.

Kitenzi kimoja hupokea nguo zote mbili, na maana hugeuka kabisa. "Father stopped drinking" ni "Baba ameacha kunywa", na nyumba nzima hushukuru. "Father stopped to drink" ni "Baba alisimama njiani ili anywe", na wakati wa mabibo sote twajua mzee huyo atafika nyumbani saa ngapi.

Mtego mmoja zaidi, kwa waandikao barua. "To" ya "I want to see you" ni ya kitenzi. Lakini "to" ya "I look forward to seeing you", yaani natazamia kwa hamu kukuona, ni neno la kuunganisha, nalo ladai "-ing". Andikeni hivyo mwishoni mwa barua zenu, nao wazisomao watajua kwamba mmefundishwa.

KAZI YA MZAZI

Tangu mwaka 1967 shule zetu nyingi za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya masomo. Siku mtoto aingiapo kidato cha kwanza, Hisabati na Biolojia humjia kwa Kiingereza. Ni kama mtu aliyezoea kutembea uwanda sawa, ghafla akakuta mteremko wa Newala. Hakubadilika akili, njia ndiyo iliyobadilika. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa wa kwanza darasa la saba huweza kurudi nyumbani likizo ya kwanza amenyamaza kama maji mtungini, na wazazi wakadhani amekuwa mvivu.

Mama, baba, fanyeni hivi. Baada ya chakula cha jioni, dakika kumi tu. Wewe sema kitenzi kimoja cha Kiswahili cha mambo yenu ya siku hiyo: "Atakupikia." "Tutawalimia." Mtoto akifungue kwa Kiswahili kwanza: A ni nani, TA ni lini, KU ni nani, PIK ni tendo gani, I ni ya nini. Kisha aseme kwa Kiingereza, akikunjua kidole kimoja kwa kila neno: "She will cook for you." Wewe huhitaji kujua Kiingereza. Tazama mkono wake. Kidole kikibaki kimelala, uliza: Nani? Lini? Afanya nini? Kwa nani? Hayo ni maswali ya Kiswahili, nawe unayaweza. Vidole vikishikana, kama katika "saw", mtoto akueleze ni kwa nini. Akiweza kukueleza wewe usiyejua, basi yeye amejua kweli.

Jambo moja nawasihi sana: asichekwe. Akikosea, mrudisheni kwenye kidole.

Wala msidhani kwamba lugha hii ni ya watoto wa mjini peke yao. Mtoto mmoja alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Lupaso, hapa hapa Masasi. Alipita Ndanda, akaendelea mbele, hata mwaka 1962 akahitimu shahada ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Makerere. Akahariri magazeti ya Kiingereza, The Nationalist na baadaye Daily News, kisha akawa Rais wa nchi yetu kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Ndiye Benjamin Mkapa, aliyefariki Julai 2020 akazikwa kwao Lupaso. Naye alizaliwa kati ya watu wanaofunga kuni zao kwa kamba moja, kama mimi na wewe.

Lakini sijamaliza habari za mzee wangu. Baada ya ile simu alituma fedha shuleni siku ile ile. Kisha akaniambia, "Karani, ile barua ya kumwondoa usiandike. Niandikie nyingine ya kumjibu, kwa Kiswahili, nikutajie maneno yangu. Ila mwisho wake nataka nitie sentensi moja kwa Kiingereza, ajue kwamba baba yake naye amesoma barua yake." Nikamwuliza, sentensi gani? Akasema, "Mwambie: nitakuombea."

Nikamwomba anyoshe mkono. Tukaanza na gumba. NI ni nani? "Mimi," akasema. "I," nikamfundisha. TA ni lini? "Baadaye, kila siku." "Will." OMB ni tendo gani? "Kusali." "Pray." Na ile E? Akafikiri. "Ni kwa ajili," akasema, "kwa ajili yake." "For." Na KU? "Ni yeye mwanangu, wewe ninayemwambia." "You." Mzee akautazama mkono wake uliokunjuka wote, akasema peke yake polepole, kidole kwa kidole: "I will pray for you." Akayaandika mwenyewe kwa mkono wake chini ya barua, herufi kubwa kubwa, nami nikaitia katika bahasha.

Binti yule sasa yuko kidato cha tatu. Barua zake bado zaja kwa Kiingereza, na mzee akiteremka Masasi huniletea nizisome. Siku hizi huzisikiliza akiwa amenyosha mkono juu ya goti.

ZOEZI LA JUMA HILI

Geuzeni sentensi hizi ziwe za Kiingereza. Fungueni vitenzi kwa vidole kwanza, kisha ndipo muandike.

1. Tutawaimbia.
2. Mama yangu anamngoja daktari.
3. Tulikwenda Newala kwa miguu.
4. Bibi amechoka kuteka maji mbali.
5. Waliondoka bila kula.
6. Asante kwa kunisaidia.
7. Mjomba ameacha kuvuta tumbaku.
8. Mtoto yuko kisimani. (Jihadharini!)

Majibu katika toleo lijalo, Mungu akipenda. Mzazi atakayefanya zoezi hili pamoja na mtoto wake, na aandike majina yao wote wawili juu ya karatasi kabla ya kuniletea.

Kwaherini, wasomaji wapenzi.

Karani wa Parokia